Saa ya Dhahabu Mkononi mwa Bibi

Mwezi uliopita niliingia duka la saa mjini Dar es Salaam, mojawapo ya yale maduka yenye mlinzi mlangoni na kiyoyozi kinachokufanya ujute kuacha mtandio nyumbani. Nilikuwa nimejiahidi siku nyingi kwamba nikipata nafasi nitajinunulia saa moja ya maana, si hizi ninazobadilisha kila Idi. Kijana wa dukani akatandaza kitambaa cheusi juu ya kioo, akanivisha moja ya chuma yenye uso wa bluu, akaniambia, "Hii, dada, haina betri. Inaendeshwa na mkono wako tu." Nikamuuliza, ikisimama je? Akacheka kistaarabu, akasema ikisimama unaitikisa kidogo inaendelea, hakuna neno. Hakuna neno! Nikaona kweli huyu hakulelewa kwetu Likombe, Mtwara. Machozi yakanitoka pale pale, na kijana wa watu akadhani nalilia bei.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Mtwara mnajua msimu wa korosho ulivyokuwa ukimfanya mtu. Msimu ukiwa mzuri, huyu analeta pikipiki, yule analeta makochi yasiyopita mlangoni, yanabaki barazani hadi mvua iyakute. Mjomba Hashimu, kaka yake mama yangu, alinunua saa. Msimu mmoja, saa moja. Nilikuwa nikiishi kwake na kwa Bibi wakati mama yuko chuo cha ualimu Songea, kwa hiyo nilizijua saa zile kuliko nilivyojua hesabu zangu za darasa la tatu. Nyumba yetu ilikuwa bado na chumba kimoja kisichoezekwa, popo wanaingia na kutoka wanavyotaka, na ndani ya nyumba hiyo hiyo kulikuwa na kopo la biskuti lililotandikwa pamba, na juu ya pamba zimelala saa za Uswisi. Majirani walimcheka. Mjomba naye akawacheka wao na makochi yao yaliyolowa.

Saa ya kwanza ilikuwa ya wapiga mbizi, nzito, yenye duara la pembeni ukilizungusha linalia. Mjomba alinieleza kwamba saa hiyo inaweza kushuka baharini kuliko mtu yeyote wa Mtwara. Yeye mwenyewe akienda ufukweni hakuwahi kuyaruhusu maji yampite magoti. Ya pili ilikuwa na kidirisha kidogo ambamo mwezi huchomoza na kuzama, na kila Ramadhani alibishana na watu msikitini kwa sababu mwezi wa saa yake ulikuwa ukiandama kwa siku yake wenyewe. Ya tatu ilikuwa nyembamba, nyeupe, ya kuvaa na kanzu. Zote zilikuwa za aina ile isiyo na betri. Ili zisikae sana bila kutembezwa, alizivaa kwa zamu, na siku nyingine alivaa mbili, moja kila mkono, akaniambia leo anawapeleka mapacha shamba. Alikuwa na tabia moja ambayo Bibi aliichukia: akikutana na mtu humtazama kwanza mkononi, ndipo apandishe macho usoni na kumsalimia.

Ya nne ndiyo ya dhahabu. Ilikuwa ya mhandisi mmoja Mzungu wa visima vya gesi kule Msimbati, ambaye Mjomba alikuwa akimpelekea korosho za kukaanga. Sidhani kama yule mtu alijua kwamba kila Mjomba alipompelekea korosho, alikuwa ameifuata saa. Mkataba wake ulipokwisha akamuuzia, kwa bei ambayo hadi leo hakuna mtu wa nyumba ile aliyeambiwa. Mkanda wake ulikuwa wa ngozi ya mamba, na mgongo wake wa kioo, ukiugeuza unaona vigurudumu vikihangaika na kipande kimoja cha nusu duara kikibembea huku na huku kila unapoinamisha mkono.

Mjomba aliivaa siku moja tu, tena nusu siku. Ilikuwa Ijumaa. Baada ya swala, watu wanatafuta viatu vyao mlangoni pa msikiti, ustadhi akamshika bega, akamwambia kwa sauti ya chini, "Hashimu, ni nzuri, mashaallah. Lakini dhahabu kwetu wanaume haifai, nawe unajua." Mjomba alijua. Nadhani alikuwa ametumaini kwamba kwa kuwa ni saa wala si pete, ingepenya. Akaivua, akaitia mfukoni mwa kanzu, akarudi nyumbani amenuna, akala ugali wa mhogo bila kugusa kisamvu anachokipenda.

Kuiuza hakutaka hata kusikia. Kuifungia koponi nako kulimuuma, maana ingesimama, na saa kama ile kuisimamisha aliona ni dhambi ya pili. Akamfuata Bibi jikoni.

"Mama, nyoosha mkono."

"Wa nini?"

"Nyoosha tu, Mama."

Bibi akanyoosha, una unga hadi kiwikoni. Mjomba akaupangusa kwa kanzu yake nyeupe, akamvisha saa.

"Nkono wangu huu wa kulimia mihogo ndio uvishwe dhahabu?" Bibi akasema. "Watu watasema nimeolewa."

"Waache waseme. Wewe itembeze tu."

Hivyo ndivyo bibi yangu, Bi. Somoe, mjane asiyejua kusoma a wala be, alivyokuwa mtu pekee katika mitaa ya kwetu anayevaa saa ya dhahabu kwenda kisimani. Fundi saa wa sokoni aliutoboa mkanda matundu mengine matatu na bado ulimpwaya. Akiinua mkono saa inateremka hadi kwenye kiwiko, akiushusha inarudi. Kusoma saa hakujua. Wakati wake aliupima kwa adhana na kwa kivuli cha nyumba, na havikumwangusha hata siku moja. Lakini watu wa mtaani walikuwa wakimpitia makusudi: "Bi. Somoe, shikamoo! Saa ngapi?" Naye anainyoosha ile dhahabu, uso kauelekeza kwingine kama hana habari, anajibu, "Marahaba. Soma mwenyewe." Mimi nilijifunza kusoma saa kwenye mkono ule, mshale mdogo uko kwenye mbili nami natamka saa nane, na Bibi anaitikia, "Ehee, nke mwenzangu, saa nane," kwa sauti ya mtu aliyejua tangu mwanzo.

Aliivua kwa mambo mawili tu: kutia udhu, na kubangua korosho. Nilidhani anapobangua anaogopa kuigonga na jiwe. Sikumuuliza, na hilo la kutouliza lilikuja kunitokea puani.

Sasa nifike kwenye ujinga wangu. Jioni moja Mjomba alinipakata barazani akaniwekea saa ya Bibi sikioni, nisikie inavyokwenda. Ilikuwa na mlio mdogo wa haraka haraka. Kisha nikalaza kichwa kifuani pake kwa uchovu tu, nikasikia na humo kuna mlio. Nikavisikiliza viwili hivyo kwa zamu. Nikamuuliza nani anaitia nguvu ile saa, akasema, "Mkono wa mama yangu. Akitembea, inaishi. Ukiiweka chini siku mbili, inakufa." Mimi nikachukua hayo nikayaweka pamoja na kifua chake, nikafunga hesabu. Mtoto akiamua jambo halafu hamwambii mtu, hakuna wa kumsahihisha.

Na kama Mungu alitaka kunithibitishia, haikupita muda Bibi alikwenda msibani Mikindani, saa akaisahau juu ya kabati. Akakaa huko siku tatu. Siku ya tatu Mjomba alirudi kutoka shamba la Naliendele anatetemeka meno, malaria imempanda kichwani. Bibi aliporudi jioni ile na kuiona saa imesimama, nilimwona alivyoishika. Hakuitikisa ovyo. Aliivaa, akaanza kupiga miguu uani, anapanga vyungu vilivyokwisha kupangwa, anafagia palipofagiwa. Mjomba alikunywa dawa za malaria, akatokwa jasho, asubuhi akaomba uji. Dawa sikuzitilia maanani hata kidogo. Nilichokiona mimi ni Bibi na ufagio.

Miezi kadhaa baadaye, katikati ya msimu wa korosho, wakati shamba zima linanuka mabibo yaliyoiva hadi kichwa kinauma, Mjomba alishikwa na tumbo. Alianza kwa kusema ni gesi, tena akafanya utani kwamba labda imemfuata kutoka Msimbati. Siku ya pili hakuwa na utani. Alijikunja kitandani na uso wake ukawa na rangi nisiyoijua. Wanaume wanne walimbeba kwenye kitanda cha kamba hadi kwenye gari, na baadaye tukaletewa habari kwamba kidole tumbo kimepasuka, amepasuliwa usiku ule ule, na sasa ni kumwomba Mungu.

Bibi alikwenda naye kwenye gari lile lile, kumuuguza. Kabla hajapanda gari aliivua saa, akaitia kwenye kopo la biskuti na kulifunga, akamwambia Mama Mdogo Zaituni, mdogo wake mama, aliyekuja kukaa nami, "Hii ibaki. Hospitali kuna mikono mingi." Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia, Bibi, unafanya nini, leo ndiyo siku ya kuivaa! Lakini Mjomba alikuwa anaguna nyuma ya gari na watu wazima wote wana haraka, na mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa mwenye vidole mdomoni.

Watoto hawakuruhusiwa wodini. Mama Mdogo alipeleka chakula asubuhi na jioni, na kila nilipomuuliza hali alijibu, "Mungu mkubwa." Mnajua jibu hilo lina maana gani likirudiwa mara tatu. Siku ya tatu, nilipotoka shule, nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha mlango macho yamevimba, bakuli la uji alilopeleka limerudi limejaa. Nikaenda chumbani kwa Mjomba, nikafungua kopo.

Zile tatu zilikuwa kimya, lakini hizo nilizizoea, zilikuwa zikisimama na kuamshwa kila wiki. Nikaichukua ya dhahabu nikaiweka sikioni. Hakuna kitu. Nikabadilisha sikio. Hakuna. Sijawahi kuogopa tena namna ile, na nimezaa watoto wawili. Nikaanza kuitikisa kwa mikono miwili, nalia bila sauti, namtaja Mjomba kwa jina lake kavu bila hata kusema Mjomba, mpaka nikasikia kale kamlio kameanza, kanadunda kidogo, halafu kanashika mwendo. Nikaivaa hapo hapo. Ilikuwa inanipwaya, nikachana upindo wa khanga kuukuu na kuifunga juu ya mkanda, nikashusha mkono wa gauni langu la madrasa. Saa za Mjomba hazikuguswa na mtoto, hiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya nyumba. Nikajua nikikamatwa nitachapwa, nami nikaona ni sawa tu, mradi asife.

Kuanzia hapo sikutulia. Kazi zote zilikuwa zangu. Nilifagia uwanja wetu na wa jirani. Nilichota maji hadi mtungi ukamwagika. Nilitwanga makopa ya mhogo hadi unga ukawa wa kupuliza. Shuleni nilinyoosha mkono kwa kila swali, nikaupunga, ingawa majibu sikuwa nayo, na mwalimu akanionea huruma akidhani ni huzuni inayonipa bidii. Kulala tu ndiko kulikonitesa, maana mkono uliolala ni mkono usiotembea, nikawa najigeuzageuza makusudi hadi Mama Mdogo akanilalamikia kwamba nalala kama samaki wavuni.

"Ntoto huyu kaingiwa na nini?" alimwambia jirani. "Kazi hazimwishi! Jana nimemkuta anapepeta mchele uliokwisha pepetwa."

Mama Mdogo alikuwa akiuza korosho stendi, na kwa sababu ya safari za hospitali kazi ya kubangua ilimlalia. Nikamwambia nitabangua mimi. Nilikuwa nimeipigia hesabu: unaponda korosho moja moja juu ya jiwe kwa kijiti kizito, mkono unapanda na kushuka siku nzima. Nikaona hakuna mwendo bora kuliko huo. Nikahamishia saa mkono wa kulia, ule unaoponda, nikajifungia uani peke yangu na ungo mzima.

Aliyewahi kubangua anajua kilichofuata. Korosho unazikaanga kwenye bati lililotobolewa hadi zishike moto, moshi mkali unakutoa machozi, unazimwagia mchanga, zikipoa unaponda. Ganda lina mafuta meusi, na mafuta yale hayana urafiki na mtu. Yakikugusa hayasemi kitu siku hiyo. Yanakuja kusema kesho, ngozi inapoungua na kubanduka. Ndiyo maana wanawake hupaka jivu mikononi kabla ya kuanza. Mimi nilipaka, viganja vyote na vidole vyote, vizuri kama nilivyofundishwa. Lakini chini ya mkanda wa saa jivu halikufika. Mafuta yakarukia pale, yakatiririka, yakajificha kati ya ngozi yangu na ngozi ya mamba, nami nikaendelea kuponda.

Nilibangua siku nne. Siku ya pili mkono ulianza kuwaka moto, siku ya tatu ukatoa malengelenge. Kuivua sikuthubutu. Tena nilikuwa na ushahidi, kwa sababu siku ile ya pili ndiyo Mama Mdogo alirudi akasema, "Leo kafumbua macho," na ya nne akasema, "Leo kamtukana muuguzi." Tukacheka wote wawili hadi tukashikana. Nilicheka na mkono nimeuficha nyuma, naumwa hadi kwapani.

Waliporudi na teksi, Mjomba alikuwa amebaki shingo na macho, anatembea ameinama kama anatafuta sindano. Tukampa mito akaegemea barazani. Watu wakaja, wakampa pole, wakaondoka. Bibi alioga, akaswali, akakaa kwenye mkeka, naye alikuwa amekonda kuliko mgonjwa. Hapo akasema lile neno ambalo nilikuwa nikiliogopa tangu nisikie honi ya teksi.

"Zaituni, nletee saa yangu."

Mama Mdogo alikwenda, na tukamsikia huko ndani anapiga mayowe. Akarudi na kopo limefunguliwa, saa tatu. Akaanza kutaja watu: yule kijana wa maji, yule mwanamke aliyekuja kuomba moto na kuchungulia chungulia, ameapa ndiye. Mjomba alifumba macho. Nilijua mwanamke aliyeomba moto ana watoto watatu, mdogo wao tulikuwa naye madrasa. Nikasimama mbele yao, nikapandisha mkono wa gauni.

Mkanda ulikuwa mweusi, mgumu, umeshikana na ngozi yangu kwa utomvu wa korosho, na pembeni mwake nyama imevimba, nyekundu, inatoa maji. Dhahabu yenyewe ilikuwa na utando mweusi kwenye kila kona. Mimi nilimtazama Mjomba tu. Mtu aliyekuwa akiangalia saa kabla hajaangalia uso wa binadamu, leo ataangalia nini? Nikangoja nipigwe.

"Zaituni," akasema, "wembe. Na maji ya vuguvugu. Na mafuta ya nazi."

Akanivuta karibu, jeraha lake la tumbo likamuuma akakunja uso, akauweka mkono wangu juu ya paja lake. Akaukata ule mkanda wa mamba kwa wembe, polepole, sehemu mbili, bila hata kuuonea huruma, akawa anatia maji na mafuta na kubandua kidogo kidogo, huku ananipulizia. "Pole, mpwa wangu. Pole. Inaisha. Pole, mama." Saa ilipotoka akaitupa kwenye kizingiti cha dirisha kama kifuniko cha chupa, hata hakuigeuza kuona kama ina mkwaruzo. Alikuwa bado anautazama mkono wangu.

Lakini mimi niliitazama saa. Ilikuwa imelala pale dirishani, haigusi mkono wa mtu.

"Isikae!" nikapiga kelele. "Msiiweke chini! Isikae hapo!"

Mama Mdogo akaguna kwa mshangao. Mjomba akanishika kipaji cha uso, akadhani nina homa. Aliyeinuka ni Bibi. Aliinuka upesi kuliko nilivyowahi kumwona akiinuka, akaichukua saa na kuifumbata, akasema, "Nimeichukua. Nimeichukua, nyamaza." Halafu akanishika mkono ule mzima, tukaenda jikoni.

Yeye akakaa kwenye mbuzi ya nazi, mimi chini miguuni pake. Nikamwambia yote. Nikamwambia kifua cha Mjomba na mlio, nikamwambia malaria na ule ufagio wake, na siku ya tatu kopo likiwa kimya, na kwamba nilibangua korosho ili isisimame. Nilikuwa nasema huku nalia, kamasi zinanitoka, na nilingoja anicheke, maana Bibi alikuwa mcheshi na utani kati yetu haukuwa na mpaka. Hakucheka. Alikuwa anaipapasa ile saa kwa kidole gumba, anautoa utomvu kwa ukucha.

"Mwanahawa," akasema, "weye unadhani kule wodini kuna wezi?"

Nikasema ndiyo, si ndivyo alivyosema.

"Hakuna. Watu wako taabani, nani ataiba? Nilisema tu." Akapuliza utomvu uliobanduka. "Niliogopa kukaa pale kitandani, mwanangu kalala hajitambui, hii iko nkononi kwangu, halafu isimame mie naiona. Nikasema, na isimamie huku. Nisiione."

Nilimtazama Bibi. Nilikuwa nimedhani mimi peke yangu ndiye mwenye jambo hili duniani, na kumbe mwanamke huyu mtu mzima, anayejua dawa za majani na kaburi la kila mtu wa ukoo, alikuwa amekaa siku kumi na tatu kwenye benchi la hospitali akiamini saa imekwisha kusimama nyumbani, na kila asubuhi anamfuta mwanawe uso bila kumwambia mtu. Nilimpenda wakati ule kwa namna ambayo hadi sasa, naye ameshatangulia mbele ya haki, sijapata kuimaliza.

"Tangu uivae, siku zote hizo ilikuwa inatembea?" akauliza.

"Ilikuwa inatembea, Bibi."

"Hata siku alipozimia?"

"Siku gani?"

Akaiweka sikioni, akafumba macho, akasikiliza muda mrefu. Kutoka barazani tulimsikia Mjomba anamuuliza Mama Mdogo kama kuna chai, na Mama Mdogo anamwambia daktari kakataza, na Mjomba anasema daktari yuko mjini na chai iko jikoni. Bibi akafumbua macho. Akavuta upindo wa khanga aliyojifunga, akauchana kwa meno, khanga mpya kabisa, akanifunga ile saa nyeusi kwenye mkono wangu wa kushoto, ule usiokuwa na kidonda.

"Mpelekee mjomba wako chai," akasema. "Tembea nayo mpaka magharibi. Usiku ni zamu yangu."